Nyumba ya Lamu hakuijenga Mreno

Swali hili haliishi kuulizwa mitaa ya Mkomani, upande wa kale wa mji wa Lamu: hizi nyumba za mawe, Mreno ndiye aliyezijenga? Hapana. Lamu ilianza kumlipa kodi mwaka 1506, lakini nyumba nyingi tunazoziona leo ni za karne ya 18, wakati Fort Jesus, ngome yake ya Mombasa, ilikwishamtoka mkononi tangu 1698.

Karne hiyohiyo wakuu wa kaskazini mwa Ureno walikuwa na nyumba zao za mashamba, zinazoitwa solar. Itazame ile ya Mateus, karibu na Vila Real: ngazi za mawe nje, nakshi za itale, nembo ya ukoo juu, kanisa dogo ubavuni. Utajiri wote umegeuzwa kwa mpita njia. Mwenye nyumba wa Lamu aliugeuza ndani. Barabarani ni ukuta mtupu, mlango wa nakshi na daka la kuketi. Tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, imepinda ili jicho lisifike kiwandani, yaani uani. Kisha misana, yaani kumbi ndefu, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani, na huko ndiko kwenye zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa ukuta mzima. Kwangu huo ndio ufundi mkubwa zaidi.

Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Mkoko hauvuki salama zaidi ya mita 3 hivi ukiwa umebeba dari ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo chumba kiliongezwa urefu, si upana.

Vichwa vya boriti vimezama ukutani, na hapo ndipo saruji inapoua nyumba. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji na chumvi kutoka ardhini, nayo maji hutoka nje kupitia chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuibambua, boriti huoza bila kuonekana.

Bandua saruji yote, uache ukuta ukauke. Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa pwani usiooshwa kwa maji matamu unarudisha chumvi uliyoikimbia. Rowesha ukuta, piga tabaka nyembamba, kila moja ishike kwanza. Wakati wa kaskazi funika kwa magunia mabichi, maana chokaa ikikauka upesi hupasuka na kuwa unga. Neru, lipu laini ya chokaa, huja mwisho kabisa.