Uzoefu wangu: picha iliyoshinda niliipiga saa nne, jua likiwaka

Mimi ni mpigapicha wa harusi hapa Unguja mjini. Harusi ndiyo riziki yangu. Siku zisizo na harusi nashika kamera kwa ajili ya nafsi yangu. Kwa miaka mitano mfululizo nilituma picha kwenye mashindano, na miaka yote mitano nikatoka kapa. Picha zenyewe zilikuwa nzuri, na uzuri huo ndio ulioniponza. Jua linachomoza kijijini Jambiani, ngalawa imetulia, mwanamke amejitwisha gunia la mwani, kivuli chake kimelala juu ya maji ya rangi ya dhahabu. Kila niliyemwonyesha alisema mashaallah.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, anayelima mwani tangu mimi sijaanza skuli. Siku moja nilichapisha picha arobaini za ukubwa wa kiganja, nikazitandaza mkekani barazani kwake, nikamwomba anichagulie tatu. Akazipitia kimya kimya, akizisogeza kwa kidole kama anayechambua mchele. Alipofika kwenye ile ya alfajiri niliyoipenda kuliko zote, akauliza:

"Huyu anakwenda wapi saa hizi?"

"Mwanini, Shangazi."

"Mwani gani, mwanangu? Hapa si maji yamejaa?"

Sikuwa na jibu. Yule mama nilimwomba mimi atembee pale, na gunia lenyewe tulilijaza makumbi.

Kwa asiyeujua mwambao wetu: kazi ya mwani hufanyika wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kutoka kupita kawaida, maji yanapokupwa mpaka mashamba yanabaki kwenye kina cha magoti. Na kwetu Unguja, bamvua hukupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, kisha tena usiku. Alfajiri ya siku hizo bahari ndiyo kwanza inaanza kutoka. Ukiona maji yamekupwa asubuhi na mapema, hayo ni maji mafu, hayatoki mbali, na wakulima wengi wako nyumbani. Ile nuru laini ya alfajiri na ile kazi havikutani hata siku moja! Miaka mitano nilikuwa nikipanga kitu kisichokuwepo. Jaji aliyekwisha kuona maelfu ya picha za machweo na mapambazuko hahitaji kuwa mtu wa Jambiani ili ahisi kwamba mule ndani hakuna kinachofanyika.

Nikaamua kufuata saa za shangazi, niachane na saa za jua. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Nilikwenda mabamvua matatu. Mawili ya kwanza karibu sikupiga kitu, nilibeba kamba na kufunga mwani. La tatu, kama saa nne na nusu, nimesimama majini, maji yana joto kama ya kumwogesha mtoto, ndipo nilipoona jambo ambalo vitabu vya upigaji picha havikuniambia. Vinasema jua la mchana huharibu uso, hutia vivuli vyeusi machoni. Lakini kwenye maji haba juu ya mchanga mweupe, mwanga unarudi juu. Unaingia chini ya ushungi na kuuangaza uso kutoka kidevuni. Shangazi aliinama, akainua kamba moja. Ncha za mwani zilikuwa zimegeuka nyeupe. Akaubana kwa vidole viwili ukakatika kama tambi iliyoiva. Akautazama. Nikashusha kamera mpaka karibu na maji, lenzi ya milimita 35, kasi ya 1/1000 ya sekunde, nikabonyeza mara nne.

Mada ya shindano la mwaka ule ilikuwa joto na maisha ya watu. Zamani nilikuwa nasoma mada kwa haraka kisha natafuta kwenye kompyuta picha gani inaweza kuingizwa kwa nguvu. Safari hii niliisoma kabla sijaingia majini, na naamini hilo lilifanya kazi kubwa kuliko lenzi.

Kuchagua ndiko kulikonitesa zaidi. Nilikuwa na picha zaidi ya mia tatu, na nilizozipenda ni zile zilizonigharimu: niliyoanguka nikiipiga, niliyoisubiri kwa muda wa saa mbili. Jaji hajui kwamba ulianguka. Nikaziacha wiki mbili bila kuzifungua, kisha nikamwendea rafiki yangu fundi cherehani, mtu ambaye hajawahi kushika kamba ya mwani. Nikamwonyesha kila picha kwenye simu kwa sekunde tatu, nikaifunika, nikamuuliza ameona nini. Kwa ile niliyoipenda mimi, yenye nyayo ndefu mchangani, akasema, "Bahari." Kwa ile ya shangazi akasema, "Mama kashika kitu kimeharibika, na kinamuuma." Nikatuma hiyo. Raundi za mwanzo majaji hupitisha picha nyingi mno kwenye kioo. Kama fundi hakuiona kwa sekunde tatu, na wao hawataiona.

Maelezo ya picha nayo nilikuwa nayapuuza. Nilikuwa naandika "Uzuri wa Zanzibar" basi. Sasa niliandika ni nani, wapi, lini, ameshika nini: kwamba mwani wa biashara ulianza kulimwa hapa mwaka 1989, kwamba wakulima wengi ni wanawake, na kwamba aina ya kotonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kwenye maji haba yanayopata joto. Shangazi nilimsomea kila neno, akakubali jina lake litajwe. Bila ridhaa yake nisingetuma.

Kuna kosa moja nililolifanya miaka miwili kabla, nalisema ili lisimpate mwingine. Katika ile miaka mitano, mara moja tu nilikaribia. Waandaaji wakaniomba faili ghafi, ile inayotoka kwenye kamera kabla ya kuguswa. Pembeni ya picha niliyotuma nilikuwa nimefuta mguu wa mtalii. Mguu tu! Nikaondolewa, na walikuwa na haki. Mwaka 2015 World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, waliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho kwa sababu ya mambo kama hayo. Tangu siku ile narekebisha mwanga na kukata pembeni kidogo, basi, na faili ghafi naziweka kwenye diski mbili.

Fedha pia. Usianze na mashindano ya kulipia. World Press Photo hawatozi kitu, na tangu shindano la 2022 picha za Afrika hupitiwa kwanza na majaji wa kanda ya Afrika. Wiki Loves Africa, shindano la kuchangia picha za Afrika kwenye Wikipedia, lililoanza mwaka 2014, nalo ni bure na lina mada yake kila mwaka, ila picha inakwenda kwenye leseni huria, yeyote ataitumia. Hilo mimi naliridhia kwa sababu linasemwa wazi. Nisiloliridhia ni masharti yaliyofichwa chini kabisa, kwamba kila picha iliyotumwa, hata iliyoshindwa, itatumika kwenye matangazo bila malipo milele. Niliyakuta kwenye shindano moja, nikafunga ukurasa.

Picha ya shangazi ilipata nafasi ya pili. Theluthi ya fedha nilimpa yeye, na nakala kubwa nikaitundika ukumbini kwake. Aliitazama kwa muda mrefu, akagusa pale mwani ulipokatika. Kisha akaniambia wenzake kadhaa sasa wanajifunza kuogelea, wapate kulima kotonii kwenye maji marefu, kwenye ubaridi.

"Bamvua lijalo linaanza Jumatano," akasema. "Njoo Jumanne usiku, ulale hapa."