Reale ya Maria Theresia, soko la Mutrah

Nilikwenda Muscat kumtembelea dada yangu, na alasiri moja nikachomoka peke yangu hadi soko la Mutrah. Nilikuwa natafuta reale: ile sarafu pana ya fedha yenye sura ya Maria Theresia wa Austria, iliyokuwa ikihesabiwa Unguja, Omani na Uhabeshi.

Mwenye duka alinisikia nikiuliza bei kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. "Wewe wa Unguja," akasema. Nikamwambia shikamoo Ami, akaitika marahaba, akaagiza kahawa, akazimwaga reale zake juu ya kitambaa.

Zote zimeandikwa 1780. Nikasema naitaka iliyopigwa mwaka huo hasa. Ami akacheka mpaka akakohoa. Bibi mwenyewe alikufa Novemba 1780, na wafanyabiashara wa huku hawakutaka sura nyingine, basi Austria ikawa inapiga ileile, kwa mwaka uleule. Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, akapata mihuri ya kuipigia, ikapigwa Roma. Mwaka uliofuata London ikaanza, na wakati wa vita hata Bombay. Ufalme wenyewe ulianguka 1918, wala sarafu haikujali.

Akanifundisha pa kutazama. Ukingoni papapase, pana maandishi ya Kilatini yaliyoinuka: IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Za bandia, za kumiminwa, hapo ndipo zinapoumbuka. Mizani isome gramu 28 na ushei. Halafu hesabu lulu za bruchi ya begani na manyoya ya mkia wa yule tai wa vichwa viwili wa upande wa pili, maana mafundi wa kila mji walichonga kivyao. Kichwani malkia kajitanda shela ya ujane, mumewe alifariki 1765.

"Eda ya huyu haishi," Ami akasema.

Nzuri zilikuwapo, zinang'aa. Mimi nikashika moja iliyochakaa, yenye kovu juu ya kichwa pale kipete kilipoondolewa. Ilikuwa ya mkufu. Wakusanyaji wenzangu wangeikataa, kwao kovu ni hasara. Lakini hizo zinazong'aa huenda zililala tu mifukoni mwa benki. Hii imevaliwa, pua ya malkia imelika kwa kusuguana na kifua cha mtu.

Tukavutana bei. Akapunguza riali moja ya Omani, kwa sharti.

"Ukiiuza Ulaya ghali, changu uniletee."

Mpaka leo sijaiuza.