Thomas D'Arcy McGee, kutoka uasi hadi shirikisho
Wiki hii nimesoma habari za Thomas D'Arcy McGee, na zimenigusa sana. Mwaka 1848 alikuwa mwasi wa Young Ireland, vuguvugu lililopigania uhuru wa Ireland kutoka kwa Uingereza, aliyekimbilia Marekani, akaishambulia Uingereza magazetini. Lakini chuki waliyofanyiwa Wakatoliki wa Ireland huko ilimbadilisha, na alipohamia Montreal mwaka 1857 akaanza kuhubiri taifa jipya la Kanada, lenye kujitawala chini ya taji lile lile alilokuwa akilipinga. Waliomwita msaliti, naamini, hawakumtendea haki, kwani alitafuta nchi ambamo watu wake wangelindwa na sheria, ingawa utaifa huo haukuwashirikisha wenyeji wa asili wa ardhi ile. Shirikisho la Kanada lilizaliwa Julai 1867. Aprili 1868 akauawa kwa risasi mjini Ottawa, akiwa na miaka 42.