Tulivyofika Rabadha, kituo cha mahujaji kwenye Njia ya Zubeida

Mabasi ya ziara pale Madina yana mzunguko wake: Quba, Qiblatain, Uhud, shamba la tende, kisha hotelini. Nilipouliza habari za Rabadha kwenye ofisi moja ya ziara, nikajibiwa kwamba huko hakuna kitu, ni jangwa tu. Lakini Rabadha ilikuwa moyoni mwangu tangu chuoni, tuliposomeshwa habari za Abu Dharr al-Ghifari, sahaba aliyefia huko mwaka 32 Hijria. Nilijua pia kwamba ni kituo katika njia ya mahujaji itokayo Kufa, Iraq, hadi Makka, kiasi cha kilomita 1,400. Njia yenyewe siku hizi yaitwa Njia ya Zubeida, kwa jina la mke wa Khalifa Harun Rashid wa ukoo wa Bani Abbas, aliyeijengea mabirika ya maji na visima.

Viza ya umra sasa inaruhusu kutembea popote nchini Saudia, kwa hiyo karatasi hazikunisumbua. Kazi ilikuwa kumpata mtu wa kutupeleka. Kaka yangu anasoma Madina; akaulizia msikitini mpaka akampata mzee mmoja wa Kibedui mwenye ngamia upande ule. Mzee alikubali kwa masharti: tutoke baada ya Alfajiri, tuchukue madumu ya maji kuliko tunavyodhani tutahitaji, na mpwa wake atufuate na gari la pili. Kaka alipojaribu kupunguza gharama kwa kuomba tuende na gari moja, mzee alikataa katakata. "Mwanangu, jangwani gari moja si gari," alisema. Ilikuwa Januari. Wakati wa kiangazi, alituambia, hampeleki mtu.

Rabadha ipo mashariki ya Madina, kama kilomita 200. Tulipita mji wa Hanakiyah kwa lami nzuri, halafu tukaacha barabara kuu tukaingia njia za changarawe ambazo mimi sikuziona kabisa. Mzee alikuwa akitazama vilima tu. Simu zilikata mtandao mapema, na ramani aliyoipakua kaka ilituonyesha nukta ya buluu katikati ya weupe. Mvua ilikuwa imenyesha wiki za nyuma na majani mafupi yalikuwa yamechipua, ngamia wakila. Nikakumbuka kwamba Sayyidna Omar aliitenga ardhi hii iwe malisho ya ngamia wa zaka.

Mji wenyewe ni kuta fupi nene, zinazokufika kiunoni au chini yake, zimetapakaa uwandani. Chuo Kikuu cha King Saud kilianza kuchimba hapa mwaka 1979 chini ya Profesa Saad al-Rashid, wakafukua nyumba, misikiti na vyombo vingi. Kilichonishika zaidi ni matangi ya maji yaliyojengwa chini ya sakafu za nyumba. Watu walilala juu ya maji yao. Unainama unaona mdomo wa tangi, mawe ya kulifunikia, na mfereji mwembamba ulioleta maji ya mvua.

Kisha mzee akatupeleka kwenye birika kubwa. Ni la duara, upana wake unapita mita 60. Nilikuwa nimeliona pichani, lakini picha haikupi ukubwa wake. Sisi watu wa pwani tukisikia birika tunafikiria lile la kutawadhia uani mwa msikiti, na hili lingeyameza mabirika ya misikiti yote ya mtaani kwetu. Ubavuni lipo birika la pili, la mstatili, na hapo ndipo penye akili ya mafundi. Mafuriko ya bondeni yanakuja na tope na mchanga. Hayakuachwa yaingie moja kwa moja kwenye duara. Yaliingizwa kwanza kwenye hili la mstatili, yakatulia, tope likazama chini, halafu maji ya juu, yaliyo safi, yakapita tunduni kwenda kwenye birika kubwa. Niliugusa ukuta wake kwa ndani. Lipu bado imeshika, ngumu na laini, baada ya miaka zaidi ya elfu. Tukashuka ngazi za mawe walizoshukia mahujaji na viriba vyao.

Hapo nilisimama kwa muda mrefu kuliko alivyotaka kaka. Ni kweli njia hii haikuanza na Zubeida. Kabla yake Bani Abbas walikuwa wameshaweka alama za masafa na vituo, na hata msafara uliomkuta Abu Dharr amefariki, ukiwa na sahaba Abdullah bin Masud aliyemswalia, ulikuwa ukitoka Iraq. Lakini Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyepita njiani humu mwaka 1184, miaka zaidi ya 350 baada ya Zubeida kufariki, aliandika kwamba bila ya mabirika na visima vyake njia hii isingepitika. Mwanamke wa kasri alitoa mali yake ili wasiomjua wapate kunywa. Nilimsomea Fatiha pale pale ngazini, na Abu Dharr naye.

Mji ulihamwa mwaka 319 Hijria, baada ya vita na majirani wa Dhariyya walioungwa mkono na Wakarmati, kundi la Kishia lililowaasi Bani Abbas. Vigae vya vyungu bado vimelala chini, vingine na rangi yake ya kijani. Viacheni hapo hapo. Sheria inakataza kuviokota, na kigae kikishatoka mahali pake hakimwambii tena mtafiti kitu chochote.

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, mpwa wa mzee akatukokea moto wa chai, kisha mzee akatuharakisha tufike kwenye lami kabla ya Magharibi. Kwa mwenye wazee au watoto, Rabadha ni nzito; bora aende Fayd, kusini-mashariki ya Hail, kituo kikubwa cha katikati ya njia, ambako wasafiri walikuwa wakiwaachia wenyeji akiba ya chakula ili waikute wakirudi. Fayd ni mji unaokaliwa mpaka leo na lami inafika, hata teksi ya kawaida inatosha.