Sakinisha maktaba kwa namna itakayokuruhusu kuirekebisha

Nilikuwa natumia maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) ndogo huria ya Python ya kusomea faili za CSV, yaani majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi, na faili zilizotoka kwenye Excel zilikuwa zinagoma: eti safu ya "jina" haipo. Nikifungua faili, safu hiyo hapo, ya kwanza kabisa.

Nikachapisha vichwa vya safu kwa `repr()`, inayofichua hata herufi zisizoonekana. Kumbe cha kwanza kilikuwa `'\ufeffjina'`. Alama hiyo isiyoonekana, `\ufeff`, ni BOM (byte order mark), baiti 3 (EF BB BF) ambazo Excel huziweka mwanzoni mwa faili ukihifadhi kama CSV ya UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kama baiti. Maktaba ilisoma kwa `utf-8`, na BOM ikabaki imeng'ang'ania jina la safu. Python ina `utf-8-sig`: BOM ikiwapo huiondoa, isipokuwapo husoma kama kawaida.

Wengi wakifika hapa huingia `site-packages`, folda ambamo maktaba husakinishwa, na kubadilisha mstari papo hapo. Tafadhali usifanye hivyo. Siku ukisasisha maktaba rekebisho lako linafutika, na mwingine mwenye shida hiyo hiyo hajafaidika chochote. Chukua nakala ya msimbo wote wa maktaba kwa `git clone`, ingia kwenye folda yake, tengeneza mazingira ya pekee ya Python kwa `python -m venv .venv`, yawashe, kisha andika `pip install -e .` (nukta ya mwisho ni sehemu ya amri). Kuanzia hapo Python inasoma msimbo ule ule unaouhariri. Ukihifadhi badiliko, programu yako ikianza upya inalitumia.

Halafu jaribio, yaani msimbo mfupi unaokagua kama maktaba inafanya kazi sawasawa, litangulie rekebisho. Nilitengeneza faili ya mistari miwili yenye BOM, nikahakikisha jaribio linafeli, ndipo nikagusa msimbo. Naushikilia sana utaratibu huu. Msimamizi wa mradi, ninayemtumia badiliko, hanijui, wala hana sababu ya kuniamini. Akiliendesha jaribio kwenye msimbo wa zamani, tatizo ataliona mwenyewe. Badiliko lenyewe lilikuwa kuongeza `-sig` tu kwenye `utf-8`.

Sehemu ya kuandika faili sikuigusa, maana ukiandika kwa `utf-8-sig` Python huongeza BOM, na shida ingehamia kwa wengine. Msimamizi aliomba jaribio moja zaidi, la faili isiyo na BOM. Ombi la haki kabisa. Nikaliongeza, naye akaliunganisha badiliko langu na mradi.