Kisa cha kuchekesha huanzia mwisho

Kisa kinachoishia kwa mchezo wa maneno huandikwa kinyumenyume. Tafuta kwanza neno lenye maana mbili, kisha tunga sentensi ya mwisho, ndipo urudi kumtafuta mhusika.

Chukua "meza". Mgonjwa anapewa tembe na karatasi ya maelekezo. Siku ya tatu kikohozi kimezidi, na sebule haipitiki. Fundi seremala anabisha hodi tena. Mke anafoka: "Hizi zote za nini?" Mume, kwa unyonge, anamwonyesha karatasi: "Meza mbili asubuhi, mbili jioni."

Hapo msikilizaji ataguna, na mguno ndio malipo yako. Angalia kilichofichwa: seremala ametajwa, fanicha haikutajwa. Neno lenyewe lisisikike hata mara moja kabla ya mwisho.

Kinachoharibu visa vingi ni ngeli. Dawa zikiwa "vidonge", maelekezo yatakuwa "meza viwili" na kisa kimekufa; "tembe" ndiyo inayokubali "mbili". Mbuzi naye ni msaliti: wa kufugwa ni "wawili", za kukunia nazi ni "mbili", kwa hiyo umwache bila idadi wala kivumishi. "Barabara" inafaa kwenye maandishi tu, kwa sababu mkazo wa njia na mkazo wa "sawasawa" hutofautiana mdomoni.

Sentensi sita hadi nane zinatosha. Ukishatamka neno la mwisho, nyamaza. Ukianza kufafanua, mguno unageuka huruma.