Nilivyopata taarifa za sonona bila vitisho

Ukitafuta mtandaoni kwa kuandika "sina usingizi, nimechoka", yanakuja matangazo ya dawa na magonjwa ya kutisha. Kuongeza maneno hakukusaidia, wala kubadili kivinjari.

Kilichofanya kazi ni kuandika site:who.int (majibu yatoke tovuti ya Shirika la Afya Duniani tu), kisha jina la ugonjwa kwa Kiingereza (sonona ni depression). Baada ya nukta mbili usiache nafasi! Ukiiacha, kichujio hakishiki na majibu ya ovyo yanarudi. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama.

Halafu dodoso la PHQ-9, la kujipima dalili za sonona: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, kuhusu wiki 2 zilizopita tu (wengi hujibu kwa kukumbuka mwaka mzima). Jumla ya alama ikifika 10, muone mtaalamu. Dodoso lenyewe halithibitishi ugonjwa. Swali la 9, la kujidhuru, likipata hata alama 1, usingoje jumla: tafuta msaada siku hiyo hiyo.